Steringi Kafa, Sasa Hadithi Inaanzaje?

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulifundishwa sheria moja ya sinema kabla hatujajua kusoma vizuri: steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Atapigwa mpaka uso uvimbe, atatumbukia mtoni na gari lake, atazungukwa na maadui arobaini, lakini ukianza kuhema kwa woga jirani yako wa benchi atakugonga goti na kukwambia tulia wewe, huyo ni steringi. Siku steringi akifa, watu wanatoka wakidai hela zao.

Kwa sheria hiyo niliingia kwenye katuni za Kijapani, yaani anime, na ndiyo iliyoniponza mara nyingi kwenye daftari langu.

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kwaya tatu, nililianza mwaka 2013. Kanuni zake ni chache. Nikimaliza sehemu ya kwanza ya anime mpya, kabla sijamuuliza mtu wala kusoma maoni ya yeyote, naandika ukurasa mmoja. Nikishaandika sifuti. Nikija kugundua kwamba niliandika upuuzi, upuuzi unabaki palepale, na pembeni naandika kwa kalamu nyekundu siku niliyogundua. Ukilifungua leo utadhani limesahihishwa na mwalimu mwenye hasira.

Kwa nini sehemu ya kwanza tu? Kwa sababu Japani wanatoa anime kwa misimu minne: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila msimu unakuja na mifululizo mipya kwa makumi, mingi ikiwa na sehemu 12 au 13, kila moja dakika kama 24, na humo sekunde 90 ni wimbo wa kufungulia na nyingine 90 wimbo wa kufungia. Hakuna mwenye kazi na familia anayeweza kuvitazama vyote, acha bando. Lazima uchague, na unachagulia mlangoni.

Watengenezaji wanalijua hilo kuliko sisi. Mara nyingi mwongozaji mkuu huchora mwenyewe mpangilio wa picha za sehemu ya kwanza, na wachoraji hodari huitwa mapema waweke mkono wao hapo. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ni kama nyumba ya upande wa mwanamume siku ndugu wa binti wanapokuja kuitazama: ukuta umepakwa chokaa jana, na makochi mawili ni ya jirani. Nimetazama anime ambazo sehemu ya kwanza upepo unapuliza kila unywele, na kufika sehemu ya saba watu wanazungumza wamekaza shingo, midomo tu ndiyo inayocheza.

Ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari ni wa Attack on Titan. Japani ilianza kuonyeshwa Aprili 2013. Mimi ilinifikia miezi kadhaa baadaye kwenye flashi, imenakiliwa kutoka flashi ya mtu aliyenakili kwa mtu. Mnajua inavyoanza: mji umezungushiwa ukuta wa mita 50, watu wamekaa kwa amani miaka mia moja, halafu kichwa kikubwa kisicho na ngozi kinachungulia juu ya ukuta. Mama wa kijana Eren kabanwa na nyumba iliyoanguka. Anatokea mwanajeshi, Hannes, mlevi mlevi lakini mtu mzuri, anachomoa upanga, na mimi nikajisemea haya, mkombozi kafika. Hannes anamtazama jitu usoni, miguu inamwishia nguvu, anageuka, anawazoa watoto wawili na kukimbia nao. Mama anabaki.

Niliandika: "Hii ni ya kutisha watu tu. Wataishiwa mapema." Hadithi ile ilikwisha Novemba 2023, zaidi ya miaka kumi baadaye, ikiwa imegeuza kila nilichodhani nakijua kuhusu nani adui na nani si adui. Kalamu nyekundu. Kinachonikera zaidi ni nilichokipita bila kukiona. Sehemu ile ya kwanza inaitwa "Kwako wewe, miaka 2,000 baadaye", na mwanzoni kabisa Eren anaamka chini ya mti huku analia na hajui analilia nini. Nilivipita vyote viwili kama mtu anavyopita tangazo la sabuni, nikikimbilia jitu.

Makosa yangu kwenye Steins;Gate ni makubwa zaidi, na bado yananiuma. Ni ya 2011, sehemu 24, imetokana na mchezo wa video wa 2009. Mwanzoni unakutana na kijana aliyevaa koti jeupe la maabara katika mtaa wa Akihabara, Tokyo, anajiita mwanasayansi mwendawazimu, anazungumza na mtu kwenye simu ambayo imezimwa. Kuna maikrowevu inayogeuza ndizi kuwa uji wa kijani. Watu wanapiga porojo. Anasikia ukelele, anamkuta msichana kwenye dimbwi la damu, baadaye kidogo msichana yuleyule yu hai na hajui lolote. Niliandika neno moja tu kwenye ukurasa mzima: "Kelele."

Rafiki yangu mmoja alinisihi nivumilie hadi sehemu ya 12. Sehemu ya 12! Hayo ni karibu masaa matano ya bando. Nilikataa, nikakaa na kiburi changu miaka miwili, kisha nikarudi kwa aibu kwa sababu kila mtu niliyemheshimu aliisifu. Nilipomaliza ya 24 nikafungua tena ile ya kwanza, na nikakuta kila kitu kilikuwa kimewekwa mezani tangu siku ile: ukelele, simu, damu, hata porojo. Kuna sehemu za kwanza zilizotengenezwa kwa ajili ya kutazamwa mara ya pili. Ukizihukumu mara ya kwanza ni sawa na kumhukumu mganga kabla hajafungua mkoba.

Kwa ajili ya watu kama mimi, mashabiki wana kanuni ya sehemu tatu: usiiache anime kabla hujatazama tatu. Wengi wakikueleza kanuni hiyo watakutajia Puella Magi Madoka Magica, iliyotoka Januari 2011. Rangi za pipi, wasichana wa shule, kimnyama cheupe chenye mkia mnene kinachowaahidi kuwatimizia ombi moja kila mmoja. Ukiishia ya kwanza utaapa kwamba ni ya watoto wa darasa la pili. Ya tatu inapofika mwisho... hapana, sitamwaga mtama, ila usiitazame ukiwa unakula. (Sehemu zake mbili za mwisho zilicheleweshwa hadi Aprili kwa sababu ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi mwaka ule, na ukijua sehemu ya mwisho kabla ya hizo inaishia wapi, utawaonea huruma waliosubiri.)

Mimi kanuni hiyo ya sehemu tatu siifuati. Nimekuja kuamini kwamba sehemu ya kwanza haikwambii hadithi, lakini tabia ya msimuliaji haiwezi kuificha. Ana haraka au ana subira? Anakuamini au anakuelezea kila kitu mara mbili? Mushishi, ya mwaka 2005, inaanza na mtembezi mmoja mwenye nywele nyeupe anayekwenda kumwona mvulana ambaye akichora kitu kwa mkono wa kushoto, kinapata uhai. Hakuna vita wala adui. Dakika 24 zinapita kama ukungu, na ukifika sehemu ya 26 bado ni mtu yuleyule, mwendo uleule. Ukurasa ule hauna wekundu hata nukta.

Na hapo ndipo nataka kuzungumzia anime ya Frieren.

Ilianza tarehe 29 Septemba 2023, imetengenezwa na studio ya Madhouse, na walifanya jambo la ajabu kidogo: sehemu nne za kwanza zilionyeshwa kwa mkupuo, masaa mawili, Ijumaa usiku, kwenye nafasi ya televisheni inayozoeleka kwa filamu ndefu. Mwongozaji wake, Keiichirō Saitō, mwaka mmoja kabla alikuwa ameongoza Bocchi the Rock!, ambayo binti mwoga kupita kiasi anapiga gitaa jukwaani akiwa amejificha ndani ya boksi la maembe. Boksi la maembe kweli, limeandikwa ni maembe yaliyoiva. Kwa hilo tu nilishampenda mtu huyo, na nikaisubiri kazi yake mpya kwa hamu.

Nilikuwa nimekwenda Tanga kumsalimia shangazi yangu. Ni muuguzi mstaafu, hana muda na katuni. Nilikuwa nimekaa barazani kwake na kompyuta, yeye anachambua mchele kwenye ungo, na picha zikamvuta jicho. "Wanasema nini hao?" Sauti ilikuwa ya Kijapani, maandishi ya chini Kiingereza, miwani yake iko ndani. Nikaanza kumtafsiria.

Wale wa umri wangu mtaikumbuka kazi hiyo. Bongo tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, watu wanaoichukua filamu ya watu na kuisimulia upya hadi inakuwa yao. Japani nao, enzi za filamu bubu, walikuwa na wasimuliaji walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kuwapa waigizaji sauti, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji wenyewe. Mimi si Lufufu. Lakini nilikohoa kidogo, nikaanza.

Shida ya kwanza ikawa majina. Kwenye Frieren karibu kila mtu ana jina ambalo ni neno la Kijerumani, na shangazi aliona tabu kuyatamka, basi nikayatafsiri. Himmel ni Mbingu. Eisen ni Chuma. Heiter, yule padri mpenda pombe, nikamwita Mchangamfu. Frieren mwenyewe ni kuganda kwa baridi, akawa Bi Baridi. Shangazi alimpokea Bwana Mbingu palepale: kijana mzuri, anajipenda kidogo, anasaidia kila mzee anayempata njiani.

Hadithi inaanza pale nyingine zinapoishia. Wanne hawa wameshamuua Mfalme wa Mashetani, safari ya miaka kumi imekwisha, wanarudi mjini kwa vigelegele. Usiku ule wanatazama mvua ya vimondo inayokuja mara moja kila miaka 50. Bi Baridi anasema najua mahali inapoonekana vizuri zaidi, itakapokuja tena nitawapeleka. Anawaaga, anakwenda zake kukusanya mazingaombwe. Yeye ni "elf", kiumbe wa hadithi anayeishi muda mrefu mno, na ameishi zaidi ya miaka elfu moja. Hamsini kwake ni kama mtu aliyekwenda dukani.

Anarudi. Bwana Mbingu amekuwa kizee kifupi, upara, ndevu nyeupe hadi kifuani. Shangazi akacheka. "Kumbe na wao wanazeeka!" Kisha, akimtazama yule padri naye amekongoroka mbele ya kisura kile ambacho hakijabadilika: "Sasa hapo nani anamwamkia nani?" Nikamwambia kwa hesabu ya umri ni yule mzee ndiye aseme shikamoo. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Wanakwenda kutazama vimondo, wote wanne, kama alivyoahidi. Na katika onyesho linalofuata, Bwana Mbingu yumo kwenye jeneza.

Ungo ukasimama. "Kafa?"

Kafa, shangazi. Hakuna upanga wala shetani, ni uzee tu. Mazishini umati umejaa, na Bi Baridi amesimama mbele, uso wake mkavu. Watu wanaanza kunong'ona nyuma kwamba yule walitembea naye miaka kumi na hana hata huzuni. "Kweli," shangazi akasema, "huyo binti mbona macho makavu?" Nani asiyewajua watu wa namna hiyo msibani? Kila tanga lina mama mmoja aliyekaa pembeni anahesabu nani kalia na nani kaja kula. Nusu dakika tu shangazi wangu mwenyewe alikuwa mama huyo, na mtengenezaji alikuwa amemtegea.

Kwa sababu jeneza linapofukiwa, Bi Baridi analia. Analia kwa sababu hamjui. Miaka kumi njia moja, moto mmoja wa kupikia, na hakuwahi kuona sababu ya kumjua, ilhali alijua kwamba binadamu hawadumu. Nilipofika hapo kutafsiri sauti ilinikwama kidogo, nikasingizia bando limekata.

Shangazi hakusema neno. Akaokota chuya moja, akaitupa. Halafu ndipo akauliza swali ambalo ndilo kichwa cha makala hii: "Sasa steringi kafa, hadithi inaanzaje?"

Kwenye daftari sikuandika maoni usiku ule. Niliandika swali lake tu.

Inaendeleaje? Yanatokea maandishi kwenye kioo: miaka 20 baada ya kifo cha shujaa Himmel. Na tangu hapo kila tukio linapimwa hivyo. Nilikuwa tayari kumweleza, nikidhani ni ufundi mpya wa Wajapani, akanikatiza. "Kama sisi tu." Ni kweli. Muulize shangazi paa la nyumba liliezekwa lini, atakwambia mwaka wa pili tangu mzee afariki. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya arobaini ya bibi. Tarehe anazijua, alikuwa muuguzi, alijaza kadi maelfu. Lakini za nyumbani anazihesabu kwa makaburi. Mimi niliyetazama anime miaka kumi nilikiona kitu hicho kama mapambo, na mtu ambaye hajawahi kuitazama hata moja alikisoma kama saa ya ukutani kwake.

Tuliendelea hadi ya tatu. Hapo kuna shetani aliyefungiwa miaka 80 kwa sababu aliwahi kubuni uchawi wa kuua ambao hakuna ngao iliyouzuia. Anafunguliwa, anautumia, na Fern, mwanafunzi wa Bi Baridi, binti mdogo tu, anauzuia bila jasho. Kwa miaka yote ile watu walikaa wakauchambua uchawi wake hadi ukawa jambo la kawaida, linafundishwa kwa wanafunzi. Mimi nilitaka kulisifu pigano. Shangazi akasema, "Huyo ni klorokwini." Nikamtazama. Akanieleza jinsi zamani kidonge kile kilivyokuwa kinaimaliza malaria, jinsi vijidudu navyo vilivyokisoma polepole, mpaka mwaka 2001 Tanzania ikakiondoa kama dawa ya kwanza. "Tulikuwa tunawapa watu na tunaona kabisa hakifanyi kitu. Umekaa na silaha yako, dunia imeshajifunza." Nimesoma maoni mengi kuhusu sehemu ile ya tatu, sijakuta lililoshinda hilo.

Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 28, ukaisha Machi 2024, na sitawadanganya kwamba zote ni sawa. Kuanzia ya 18 wanaingia kwenye mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, wanatokea watahiniwa chungu nzima, kila mmoja na nywele zake na uchawi wake, na hadithi inaanza kufanana na nyingine. Ni nzuri, mapigano yamechorwa kwa mkono wa hodari, lakini mara mbili nilisinzia. Muziki wa Evan Call ndio ulioniamsha. Jamaa anajua kuacha kinanda kinyamaze. Hata hivyo ukurasa wangu wa sehemu ya kwanza haukuhitaji wekundu, maana ulikuwa na swali tu, na anime nzima imekuwa ikilijibu: Bwana Mbingu amekufa na bado yumo. Kila kijiji wanachopita kuna sanamu yake, kuna kikongwe anayemkumbuka. Steringi hafi, kwa namna fulani. Wale wa benchi la mbele wangenicheka.

Nimebaki na dukuduku moja kuhusu daftari langu, nalo nimeshindwa kulitatua. Kurasa zote hizo niliziandika nikiwa peke yangu, visikizi masikioni, usiku. Ningeitazama Steins;Gate na mtu wa kunitafsirisha, ningelazimika kuitamka kila porojo kwa Kiswahili, pengine ningesikia zilikuwa zinasema nini. Attack on Titan vilevile: shangazi asingekubali kupita ile ndoto ya chini ya mti. Angeuliza, "Analia nini?" na mimi ningejibu sijui, na asingeniacha.

Msimu wa pili wa Frieren umeanza Januari 2026. Nilimpigia simu kumpa habari. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama yule Fern ameshakua, na kama bado anamgombeza mwalimu wake kwa kuchelewa kuamka. Nikamwambia sijui, bado sijafungua. Akasema nisifungue. Akasema na mchele bado haujachambuliwa.

Kwa hiyo kaunta buku lina ukurasa wenye kichwa cha habari na tarehe, na chini yake hakuna kitu. Flashi imejaa, ipo kwenye begi. Basi la Tanga ni Ijumaa.